Mkono Usiojua Kuachia

Upepo ni mali ya watu wote, lakini humtumikia yule tu aliyejifunza adabu yake. Utotoni kwetu Temeke tulitengeneza tiara kwa magazeti makuukuu, njiti za makuti na uzi wa kushonea. Upepo ulipovuta kwa nguvu tuliulegeza uzi, aliyeukaza ulimkatikia. Bahari haikuwa mbali nasi, walakini mimi niliiogopa. Hata katika pantoni ya Kigamboni nalikuwa nikivuka nimeshika chuma kwa mikono miwili. Nalikuwa mtu wa pwani kwa jina, mgeni wa maji kwa tabia.

Msimu wa kusi uliopita, nikiwa na umri wa miaka 43, niliuonea haya woga ule. Nikapanda boti hadi Unguja, nikavuka kisiwa mpaka Paje, pwani ya mashariki, ambako mwamba huvunja mawimbi mbali na ufuko. Huko watu huteleza juu ya maji kwa ubao, wakivutwa na tiara kubwa. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya tiara ya namna hiyo mwaka 1984: mbavu zake hujazwa hewa, nayo ikianguka baharini huelea na kuweza kurushwa tena. Huongozwa kwa kamba na ufito. Ufito ukivutwa, nguvu huzidi; ukisukumwa, hupungua; ukiachwa, karibu yote huisha.

Mwalimu wangu, kijana wa pale, alinifundisha kuisoma anga kama saa. Utosini ni saa sita, kama jua la adhuhuri. Hapo tiara hutulia. Kushoto, karibu na maji, ni saa tatu. Kulia ni saa tisa. Mwenye kutaka kuondoka hulala chali majini, huvaa ubao miguuni, kisha huishusha tiara ghafula kutoka saa sita hadi saa nane. Nguvu humwinua, naye husimama.

Mimi sikusimama. Kila nilipoinuliwa niliogopa, na kila nilipoogopa niliuvuta ufito kifuani, kana kwamba ni chuma cha pantoni. Kumbe nilichokishika ili kuokoka ndicho kilichonitupa. Nilikokotwa kifudifudi, nikanywa maji ya chumvi.

"Wachia, bwana!" kijana alipiga kelele. "Wachia ufito!"

Kumwambia mwenye hofu aachie ni kama kumwambia mwenye njaa ateme tonge. Lakini siku ya tatu mikono ilichoka kushindana, nikaachia. Tiara ikatulia. Nikajiona nimeketi katika maji yasiyofika kifuani, nikacheka peke yangu. Kisha nikaishusha tena kwa mikono myepesi, na bahari ikaniinua. Nilikwenda mwendo wa hatua kumi hivi, nikaanguka.

Hatua kumi si safari. Lakini zilinikumbusha kwamba nilichojifunza Paje kwa gharama nalikwisha kukijua bure Temeke, nikakisahau. Sasa nivukapo kwenda Kigamboni, mkono bado hukitafuta chuma. Huuacha ukishike kidogo, kisha huuambia: wachia, bwana.