Pua, Mkia na Tela

Miaka ya tisini, pikapu iliyomfurahisha baba ni ile iliyobinua mgongo. Ikiwa tupu ilisimama kama ng'ombe anayeinuka, makalio juu, kichwa chini, na pale Makambako hiyo ndiyo ilikuwa alama ya gari la kazi. Pikapu iliyokaa sawasawa ilionekana ya ofisini.

Kazi yetu ilikuwa kupukuchua mahindi. Baba alikuwa na mashine ya magurudumu mawili, yenye injini yake juu na mkono mrefu wa kufungia kwenye gari kama tela. Mahindi yakishakauka, kuanzia Juni, tuliizungusha Ilembula, Igwachanya na vijiji vya pembeni ambavyo barabara yake ni mifereji miwili ya matairi. Iliyoivuta ilikuwa Hilux yenye injini ya 3L, ile dizeli ya lita 2.8. Hilux hiyo ilikuwa na springi za majani mbele na nyuma, na ekseli nzima ya chuma pande zote mbili. Hakukuwa na cha kufikiria sana. Mkia ukilala, unaongeza jani. Ukilala tena, unaongeza jingine.

Majani yenyewe yalitoka kwenye magari yaliyokufa. Fundi alichagua kwenye lundo, akayakata, mengine akayapasha moto na kuyapiga nyundo mpaka yapate upinde aliotaka. Kwa macho kazi ilipendeza. Lakini chuma cha springi kikishapashwa moto ovyo kinapoteza ile nguvu ya kurudi, na baada ya msimu mmoja jani lilikuwa limenyooka au limekatika kwenye sentaboti. Kwa muda huo mfupi ambao halijachoka, gari likiwa halina mzigo lilirusha abiria wa nyuma kama linawadai.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyekitazama. Nyuma ya Hilux nyingi za zamani, juu ya difu, kuna kifimbo chembamba cha chuma kinachopanda hadi kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Kazi yake ni kupima mzigo kwa njia nyepesi kabisa: chesisi ikishuka karibu na ekseli, vali inajua gari limebeba, inaruhusu breki za nyuma kupata msukumo mkubwa zaidi. Chesisi ikiwa juu, vali inajua gari ni tupu, inapunguza msukumo ili matairi ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa ongeza majani matatu. Gari limebeba watu, magunia na pipa la dizeli, tela imefungwa, lakini mgongo bado umebinuka. Vali inasoma gari tupu. Breki za nyuma zinapungua siku ile hasa unayozihitaji. Dawa ni kusogeza kishikio cha kile kifimbo kiendane na kimo kipya, kazi ya spana mbili. Nina hakika pikapu nyingi zilizoongezwa majani mpaka leo hazijaguswa hapo.

Hilux ya pili aliinunua kaka yangu, ya 5L, na hiyo ilikuja na mbele tofauti. Badala ya majani kulikuwa na fimbo ndefu za chuma zinazojisokota kila gurudumu linapopanda. Ghafla mafundi wakagundua bolti mbili chini ya gari: ukizikaza, pua inapanda, bila kununua hata spea moja. Ndipo mtindo ulipogeuka. Vijana hawakutaka tena mgongo uliobinuka, walitaka gari lililonyooka kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma, matairi yamejaa kwenye matao ya bodi. Nusu saa gerejini, soda mbili, umemaliza.

Kukaza bolti zile hakuongezi ugumu wa fimbo, kunabadilisha mahali inapoanzia tu. Gurudumu linakuwa limening'inia karibu na mwisho wake, kwa hiyo likikuta shimo halina nafasi ya kushuka, na unasikia mlio wa chuma mikononi mwako kwenye usukani. Shafti za mbele nazo zinakaa kwa pembe kali, mipira ya sivi jointi inapasuka, grisi inatapakaa ndani ya rimu. Boljointi zinakufa kabla ya wakati. Kaka alilalamika kuhusu spea feki mwaka mzima.

Nilipokabidhiwa kazi mimi, tulikuwa tumefika kwenye Vigo, ile Hilux iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na springi za koili mbele na majani nyuma. Yetu ilinunuliwa mkononi mwa mtu, na ilikuwa tayari imenyanyuliwa. Juu ya shokapu za mbele mtu huyo alikuwa ameweka vipande vya chuma vya unene wa milimita 25. Kwa jinsi shokapu ilivyofungwa katikati ya mkono wa gurudumu, kipande kidogo hivyo kinapandisha pua karibu mara mbili ya unene wake. Ilipendeza, sikatai. Ikiegeshwa mbele ya duka watu walisimama.

Tatizo lilikuwa usiku. Tukitoka shamba na mashine nyuma, kila lori lililokuja mbele yetu kwenye barabara ya Mbeya lilinipiga fulu. Nikawasha za chini, bado wananipiga fulu. Na tulipoitwa Kilosa, tukateremka Mlima Kitonga, usukani ulikuwa mwepesi kuliko ninavyopenda usukani kuwa mwepesi pale. Mtu aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya lori la mafuta, na tela inamsukuma kiunoni, anajua ninachosema.

Nikampelekea gari mzee mmoja fundi wa springi mjini Iringa. Nikamwamkia, akaitikia, akalizunguka gari mara moja, kisha akauliza:

"Tela iko wapi, dada?"

"Nimeiacha nyumbani, mzee. Nimeleta gari tu."

"Basi na wewe rudi nyumbani, uilete. Na wale vijana wako wanaopanda nyuma, uje nao."

Nilikasirika, Makambako si jirani. Lakini nilirudi na tela, vijana, na pipa la dizeli. Hakugusa spana. Alitoa futi kamba, akapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kwanza gari likiwa tupu: mbele sentimita 56, nyuma 56. Limenyooka kama rula. Akafunga tela, akawapandisha vijana, akapima tena. Mbele 57, nyuma 50. Akaandika kwa chaki kwenye mlango wangu.

Kisha akanifanyia hesabu ambayo sijaisahau. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Vigo ya milango minne ina mita 3 na sentimita 8 hivi. Kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye gololi ya kufungia tela ni mita moja na robo. Mkono wa tela ukilalia gololi kwa kilo 100, ekseli ya nyuma haibebi kilo 100, inabeba kama 140, kwa sababu zile 40 inazinyofoa mbele. Ndizo zilizokuwa zinaufanya usukani wangu kuwa mwepesi. Na gari kama langu, ambalo kabla ya vile vipande pua yake ilikuwa chini ya mkia kwa sentimita tano, sasa likiwa na tela pua iko juu kwa sentimita saba. Kama hukurudisha taa chini, mwanga wake umepanda karibu mita moja kwa kila mita 25 za barabara. Madereva wa malori walikuwa na haki ya kunitukana.

Vipande vilitoka siku hiyo hiyo. Mahali pake zikaingia koili mpya zilizopandisha pua sentimita mbili tu juu ya kimo cha kiwandani, shafti zikabaki kwenye pembe inayovumilika. Nyuma hakuongeza jani hata moja. Aliweka mifuko ya upepo, mipira miwili minene inayokaa kati ya ekseli na chesisi, yenye vali kama ya tairi. Tela ikifungwa unaijaza kwa pampu mpaka mkia urudi unapotakiwa, tela ikitoka unaipunguza na kuacha upepo kidogo, PSI 5, isije ikajikunja na kujikata. Kipimo cha mwisho na mzigo wote: mbele 53 na nusu, nyuma 55. Bado pua iko chini kidogo. Aliitaka hivyo.

Mifuko hii imeenea sasa, na wanaoiuza hawasemi yote. Inainua mkia, lakini zile kilo 40 hairudishi mbele. Ekseli ya nyuma inabeba uzito ule ule, sasa ukiwa umependeza. Tena inasukuma chesisi mahali pamoja, wakati springi ya majani inagawa uzito sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Kule Australia, ambako watu wanavuta nyumba za magurudumu nyikani, chesisi za pikapu za milango minne zimepinda nyuma ya kebini kwa sababu hiyo: mifuko imejazwa, mkono wa tela mzito, barabara mbovu. Kwa hiyo mzee alihamia kwenye tela yenyewe. Injini ya mashine ilikuwa imekaa mbele mno, akaisogeza nyuma mpaka mkono ukalalia gololi kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela. Chini ya hapo tela inaanza kupiga mkia barabarani, na hilo ni baya kuliko pua kuinuka. Gololi nayo akaishusha ili tela isimame sawa. Pipa la dizeli tukalihamishia mbele, mgongoni mwa kebini.

Baba alipoliona alisema limekaa kama teksi. Lakini safari ya Kilosa iliyofuata aliomba kuendesha yeye, na Kitonga alishuka kwa gia ya pili akiongea habari za bei ya mahindi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kunyoosha pikapu yako na bado inakuvutia tela, usiende gerejini na gari tupu. Ifunge tela, pakia mzigo unaobeba kila siku, pandisha watu wako, ndipo fundi atoe futi kamba. Akishamaliza, kabla hujamlipa, mwambie ashushe taa na aingie chini kuangalia kile kifimbo cha breki. Akikuuliza kifimbo gani, tafuta fundi mwingine.