Jinja, Mlangoni pa Mto Naili



Wasomaji wapenzi, mwezi uliopita nilifunga safari kutoka Mombasa kwenda Jinja, mashariki mwa Uganda. Sikwenda kutalii. Mwanangu wa pili, niliyemlea nikitaraji atasomesha chuoni, huko huongoza wageni mtoni kwa mashua za mpira. Kwa miaka miwili nimeiita kazi hiyo upuuzi, na simu zetu zikawa hazivuki salamu. Mama yake ndiye aliyenisukuma. "Mamake Nabii Musa alimtia mwanawe katika mto huo huo, akamtegemea Mola," aliniambia. "Wewe wako huendi hata kumtazama?" Nikakosa la kujibu.

Nilipanda treni hadi Nairobi, kisha basi la usiku hadi mpakani Busia, na adhuhuri nikaswali Jinja. Jina la mji latokana na neno la wenyeji lenye maana ya mawe, kwa sababu ya miamba iliyokuwa pale maji ya Ziwa Victoria yanapotoka kuwa mto. Barabara yake kuu ni pana, na pande zote mbili yamesimama majumba ya kale ya Wahindi, ambao wengi wao walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972.

Mwanangu alinipokea, akanibusu mkono, akanipeleka kwa mashua hadi mto unapoanzia. Hapo ndipo Mwingereza Speke alipofika tarehe 28 Julai 1862, akiwa na msafara uliotoka Unguja. Husemwa kuwa aliugundua mto, ilhali Wasoga na Waganda walikuwa wakiunywa tangu kale. Maporomoko aliyoyaona hayapo tena. Yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954 na ambalo leo huitwa Nalubaale. Maji ni matulivu, wala huwezi kudhani kuwa yana safari ndefu hadi Misri na baharini.

Kwa chakula, Jinja haimwachi mgeni na njaa. Kando ya ziwa tulikula ngege wa kukaangwa mzima, na samaki hamtii Muislamu wasiwasi wa kuchinjwa. Asubuhi barabarani nilikula chapati iliyoviringishiwa mayai, nyanya na kabichi, ambayo wenyeji huiita rolex. Sisi watu wa Pwani hujiona ndio wenye chapati. Hapo nilikiri kuwa wenzetu wameiongezea fadhila.

Siku ya pili nilikwenda kumwona kazini. Maporomoko mashuhuri ya Bujagali nayo yalizamishwa na bwawa lililozinduliwa mwaka 2012, basi mashua sasa huanzia chini ya bwawa hilo. "Mto ukibadilika, Baba, nasi hujifunza upya," aliniambia.

Nilisimama ukingoni. Alipita kwa kila mgeni, akavuta mikanda ya jaketi la kujiokolea, akaikaza, kisha akarudi kuivuta tena. Aliwafundisha kushika kafi, na akaipindua mashua makusudi penye maji matulivu ili wajue la kufanya. Mama mmoja alikuwa akitetemeka. Hakumcheka wala hakumharakisha. Alimweka karibu naye. Kisha nikaona midomo yake ikitamka Bismillahi, wakaingia kwenye maji yanayonguruma, wakapotea machoni mwangu.

Saa ile ilikuwa ndefu. Nilikumbuka jinsi mimi mwenyewe ninavyomsikiliza kila mwanafunzi peke yake, herufi kwa herufi, nisimwache hata mmoja nyuma. Kijana huyu hakuliacha somo langu. Alilichukua akalipeleka mtoni.

Aliporudi, nguo zikichuruzika maji, nilimwambia: "Mwanangu, nilikuhukumu kabla sijakuona. Nisamehe."

Akainama, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, umeshakula?"

Ndugu zangu wazazi, mwenye uwezo na aende Jinja. Achukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na atenge siku tatu. Lakini aliye na mwana mbali, ambaye kazi yake haijui ila kwa kusikia, na aanze safari kwake. Kumtazama mtoto akitimiza amana yake ni jambo ambalo simu haiwezi kulileta.

Wabillahi tawfiq.