Kipimo cha mkojo hakisemi yote

Wamama wapendwa, juma hili nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalisema kwa sauti ya chini: mtoto aliyezidisha vidonge au kitu kingine cha kulevya, anafikishwa hospitali hajitambui. Hapo mlangoni wazazi huomba neno moja: «Munganga, mumupime mkojo, mutuambie amekunywa nini.» Mimi si munganga, ni mwalimu wa sekondari. Lakini kazi yangu imenifikisha mara kadhaa kwenye chumba cha dharura pamoja na wazazi, na ninaona kwamba kipimo hicho tunakitegemea kupita uwezo wake.

Kuna mama wa California, kule Marekani, anaitwa Juli Shamash. Mwaka 2018 mtoto wake Tyler, kijana wa miaka 19, alipelekwa hospitali kwa sababu ilionekana amezidisha madawa. Vipimo havikuonyesha kitu. Muda mfupi baadaye kijana akafa, na kilichomuua ni fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu sana. Kipimo kile hakikutengenezwa kuitafuta. Mama huyo hakukaa kimya. Tangu tarehe 1 Januari 2023 kuna sheria California: hospitali inayopima madawa katika mkojo wa mgonjwa inapaswa kutafuta na fentanili. Sheria hiyo wanaiita kwa jina la Tyler.

Kwa nini kipimo hakikuiona? Kile kikaratasi kinachochovywa katika mkojo kinatambua tu kitu ambacho kimetengenezewa. Kile cha jamii ya afyuni kinatafuta mofini, kwa hiyo kinaweza kuonyesha heroini na kodeini. Fentanili hutengenezwa kiwandani kwa njia nyingine, inapita bila kuonekana. Na tramadoli, ambayo vijana wetu wanaijua sana, nayo inapita vilevile. Inahitaji kikaratasi chake peke yake.

Tena kuna hatari ya upande wa pili. Mtoto aliyekunywa sirop ya kikohozi yenye kodeini anaweza kuonekana ametumia afyuni. Aliyevuta bangi siku zilizopita, mkojo wake unaweza bado kuionyesha leo, wakati kilichomwangusha leo ni malaria iliyopanda kichwani au sukari iliyoshuka. Ndiyo sababu munganga mzuri anapima pia malaria na sukari, hata kama watu wote chumbani wanasema: «Huyu ni mulevi tu.»

Hapa kwetu hospitali nyingi hazina hata hivyo vikaratasi. Na kuna vitu ambavyo kikaratasi chochote cha madawa hakitaviona. Mnakumbuka habari ya «bombé» kule Kinshasa mwaka 2021: vijana walikuwa wanasaga kitu kinachotolewa ndani ya bomba la moshi la gari na kukichanganya na vidonge. Ni kipimo gani cha mkojo kitatafuta unga wa gari?

Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja wa mtaa wetu alianguka, akatetemeka mwili mzima. Wengine walisema kifafa, wengine wakasema amelogwa. Hospitalini munganga aliuliza mara tatu: «Amekunywa nini?» Mama yake alikuwa amezungukwa na mashemeji zake, akaangalia chini. Dada mdogo wa yule kijana ndiye aliyetoa mfukoni plakete ya tramadoli, vidonge vimebaki viwili. Munganga alielewa palepale, maana tramadoli ikizidi inaweza kuleta degedege na kuzuia pumzi. Alimpa oksijeni na dawa ya kutuliza degedege, akaagiza asiachwe peke yake usiku kucha. Kijana alipona. Hakuna aliyepima mkojo wake, kwa sababu hakukuwa na cha kupimia.

Basi, wamama, tufanye nini? Mtoto akilala bila kuamka, akapumua polepole au akikoroma vibaya, midomo ikageuka rangi, tumlaze ubavu na kumpeleka mbio. Tusimpe maziwa wala mafuta ya mawese wala kumtapisha, maana vinaweza kuingia katika mapafu. Tuchukue plakete, chupa, kikaratasi, hata unga uliobaki. Tuulize rafiki zake, bila kuwatisha: alikunywa nini, ngapi, saa ngapi. Na hayo yote tumwambie munganga. Kama kuna wakwe au majirani, tumwombe tuongee pembeni. Munganga hatangoji jibu la labo ndipo aanze. Anaanza na pumzi. Maneno yetu ndiyo yanamwonyesha atafute nini baada ya hapo. Na tukiambiwa «hakuna kitu katika mkojo», tuulize: «Mmepima madawa gani?» Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya jibu hilo peke yake, ikiwa bado anasinzia.

Kuna neno moja ninalowaambia walimu wenzangu pia. Habari ya hospitali isigeuzwe karatasi ya kufukuza mtoto shuleni. Mama akijua kwamba akisema «tramadoli» kesho mwanawe atafukuzwa, atanyamaza, na munganga atafanya kazi gizani. Mtoto apone kwanza, halafu tukae na wazazi tuone namna ya kumsaidia aache.

Vikundi vyetu vinachangia matanga na harusi bila kuchoka. Naomba katika mkutano ujao tuchague wamama wawili au watatu waende kwa munganga mkuu wa hospitali yetu na kumuuliza: vikaratasi vya tramadoli vinaweza kupatikana? Nani atavilipa? Na mama akifika usiku na mtoto hajitambui, kuna mahali pa kusema ukweli bila kusikilizwa na mtaa mzima?