Mkono Upi Hutangulia?



Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 17 alipoanguka mara ya kwanza. Kwetu Bambu, mji uliokua kwa dhahabu ya Kilo-Moto, watu hufahamiana. Habari za kutetemeka kwake na za povu mdomoni zilifika nyumbani kabla yake. Wengine walisema amerogwa. Wengine waliwakataza watoto wao wasimguse.

Alipoanguka mara ya tatu, daktari mmoja wa Bunia alituagiza tukapige picha ya ubongo kwa mashine iitwayo skana. Mama aliuza ng'ombe wawili, nasi tukapitia Mahagi na Arua hadi Kampala.

Mashine yenyewe haitishi. Hupitisha mionzi ya eksirei kichwani kutoka pande zote, kisha kompyuta huonyesha ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971, na mmoja wa wanasayansi wawili waliotunukiwa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1979, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg.

Kilichotisha ni karatasi. Tulikabidhiwa bahasha yenye picha na maelezo ya Kiingereza, nami nilisomea Kifaransa. Neno moja lilifanana na lile tunalolitumia kwa jeraha, nikajiaminisha kwamba ni uvimbe wa kufisha. Miadi ya daktari bingwa wa ubongo ilikuwa baada ya siku tatu. Simu hazikukoma: mjomba alitaka turudi tukamtafute nabii, shangazi alitaka kiwanja kiuzwe, mgonjwa apelekwe India. Usiku nilizungumza nao nje, kwa kunong'ona, mdogo wangu asisikie. Alisikia yote.

"Yaya," aliniuliza asubuhi, "mbona mnanizungumzia kama marehemu?"

Sikuwa na jibu.

Siku ya miadi nilimpa daktari ile karatasi. Aliiweka kando, akamgeukia mdogo wangu, na kwa msaada wa muuguzi aliyejua Kiswahili akamwuliza: "Kabla hujaanguka, mkono upi hutangulia kutetemeka?"

"Wa kushoto, daktari. Huanza kidole gumba."

Nilishangaa. Nilikuwa nimemwuguza miezi mingi, na jambo hilo sikulijua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza.

Ndipo daktari alipozitazama picha zenyewe. Katika upande wa kulia wa ubongo, ambao ndio huongoza mkono wa kushoto, palikuwa na doa jeupe dogo kama punje ya mtama. Alieleza kwamba karatasi hutaja kinachoonekana, lakini maana yake hupatikana kikilinganishwa na habari za mgonjwa. Kwa maoni yake, doa lile lilikuwa chokaa iliyozunguka tegu mchanga aliyekwisha kufa. Mtu humeza mayai ya tegu yatokayo katika kinyesi cha binadamu, kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa. Mdogo wangu hakuhitaji kupasuliwa. Alihitaji vidonge vya kifafa kila siku, bila kuviacha ghafla. Daktari hakuahidi kwamba hataanguka tena. Alituagiza turudi baada ya miezi sita.

Tangu hapo ameanguka mara moja.

Tuliomba sana siku zile tatu, wala sijutii. Lakini tulimwombea pasipo kuzungumza naye, na hilo najutia.

Basi, karatasi ya namna hiyo ikiingia nyumbani kwenu, msiifasiri peke yenu usiku. Mpelekeeni daktari bingwa picha zenyewe pamoja na maelezo, na mtafuteni mkalimani ikiwa lugha ni ngeni. Ulizeni: Nini kimeonekana? Je, kinaeleza dalili za ndugu yetu? Tufanye nini sasa? Na mwenye kichwa chake aketi katikati yenu, si nyuma ya mlango.

Mkimwona mtu ameanguka kifafa, ondoeni vitu vyenye ncha karibu naye, mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni. Povu lake haliambukizi. Akizinduka, mwulizeni kwa upole ilianzaje. Huenda ni yeye pekee ajuaye.