Kabla ya kusema dawa imechoka

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Masisi, wa Walikale, na ninyi mliotupwa mbali na vita, leo siandiki juu ya barabara wala bei ya maharagwe sokoni. Ninaandika juu ya neno moja ninalolisikia mara nyingi kwa jamaa zenye watoto wa SS: "Dawa imechoka." Nimelisikia Nyabiondo, nimelisikia Mweso, na mwaka 2025 nililisikia ndani ya jamaa yangu mwenyewe.

SS ni ule ugonjwa wa damu ambao waganga wanauita drepanositozi. Mtoto anaurithi kwa baba na mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe hawaumwi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara na laini, zinapinda kama mundu, zinakwama katika mishipa midogo na kuvunjika mapema. Ndiyo sababu ya maumivu ya mifupa, macho ya manjano na upungufu wa damu. Kongo yetu ni moja ya nchi tatu duniani ambako wanazaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu, pamoja na Nijeria na India. Si laana ya jamaa fulani, wala si uchawi wa jirani.

Binti wa dada yangu mdogo alianza kumeza hidroksiyurea mwaka 2022, wakati tulikuwa tumekimbilia Goma. Alikuwa na kilo 13. Daktari alimwandikia kidonge kimoja cha miligramu 500, siku moja anameza, siku inayofuata anapumzika. Miaka miwili na zaidi mambo yalikwenda vizuri. Mtoto alicheza, akaingia shule, na sisi tukaanza kusahau usiku wa kulia.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi wa kwanza vita vilifika Masisi-centre, halafu Goma. Mwezi wa tatu vikafika Walikale-centre. Jamaa ilihama mara mbili. Kati ya mwezi wa nne na wa nane mtoto alilazwa mara tatu, na mara mbili aliongezewa damu. Kila mara tulipouliza, tulipewa jibu moja: endeleeni na dawa ileile.

Nyumbani maneno yakawa mengi. Shangazi mmoja alisema dawa imechoka, twende kwa mganga wa miti shamba. Baba wa mtoto aliona afadhali pesa ya vidonge inunue unga. Hakusema hivyo kwa roho mbaya; kuna watoto wengine wanne nyumbani na shamba liko upande ambao hatuwezi kufika. Dada yangu aliwasikiliza wote, kisha akaniambia: "Yaya, mimi sitaacha dawa, lakini sitaendelea nayo gizani. Nataka daktari mwingine amwangalie."

Watu wengi kwetu wanaogopa hatua hii. Wanaona kwamba kumtafuta daktari wa pili ni kumtukana wa kwanza, na kesho ukirudi na mgonjwa, hatakupokea vizuri. Dada yangu alimwambia muuguzi wa kituo waziwazi kwamba wanataka kwenda kuomba shauri. Muuguzi hakukasirika. Alichukua karatasi, akaandika dawa na kipimo chake, tarehe za kulazwa, na mara ambazo mtoto aliongezewa damu. Karatasi ile ilitusaidia sana, kwa sababu daftari la zamani lilipotea njiani tukikimbia.

Tuliuza mbuzi, tukapanda pikipiki. Kutoka Masisi-centre hadi Goma ni karibu kilomita 80 tu, lakini wenye kupita Sake wakati wa mvua wanajua siku nzima inavyokwisha. Daktari wa watoto aliyetupokea hakuanza na dawa. Alisoma karatasi, kisha akauliza: "Mama, mtoto ana kilo ngapi leo?" Hakuna aliyejua. Akapandishwa kwenye mizani: kilo 21.

Hapo daktari akapiga hesabu mbele yetu. Kidonge cha miligramu 500 kila baada ya siku moja ni sawa na miligramu 250 kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 13, ni karibu miligramu 19 kwa kila kilo. Kwa mtoto wa kilo 21, hazifiki 12. Mtoto alikuwa amekua, dawa ikabaki pale ilipoanzia mwaka 2022.

Jambo hili limechunguzwa, tena karibu na kwetu. Watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10 walipewa dawa hii Kinshasa, Mbale ya Uganda, Kilifi ya Kenya na Luanda ya Angola. Kipimo chao kilipandishwa hatua kwa hatua kwa kufuata uzito na hali ya damu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kulipungua karibu theluthi mbili, na malaria na vifo pia vilishuka. Uchunguzi mwingine ulifanywa Kampala, katika hospitali ya Mulago, kwa watoto 187. Kundi moja lilibaki kwenye kipimo kilekile, lingine likapandishiwa. Waliopandishiwa walipata nafuu kubwa zaidi, hata uchunguzi ukasimamishwa mapema. Habari hiyo ilitoka mwaka 2020.

Lakini msikie hili vizuri: usipandishe kipimo nyumbani. Dawa hii ikizidi inashusha chembe nyeupe, zile zinazotulinda na magonjwa. Kwa binti yetu, kila hatua ilitanguliwa na kipimo cha damu. Tangu mwezi wa kumi hajaongezewa damu tena. Maumivu yalimrudia mara moja, karibu na Noeli. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba dawa inapunguza mashambulizi, haiondoi ugonjwa.

Daktari wa pili si lazima ampinge wa kwanza. Baba mmoja wa Walikale, ambaye mwanawe ana SS, alikwenda akitegemea dawa mpya. Akaambiwa kipimo ni sawa kabisa. Shida ni kwamba tangu wakimbie walikuwa wakigawa vidonge ili vifike mwezi wa pili, na mtoto alilala bila chandarua. Malaria ndiyo ilikuwa ikimaliza damu yake. Alirudi na vidonge vilevile, na chandarua.

Ukiona matibabu hayasaidii tena, fanya haya. Omba muuguzi akuandikie dawa, kipimo, uzito na tarehe. Ukiwa na simu, piga picha karatasi hizo, maana vita vinaweza kuzipoteza. Mbele ya daktari, uliza: kipimo hiki kinalingana na kilo za leo? Kuna malaria au ugonjwa mwingine? Damu ipimwe tena lini? Sema ukweli kama kuna siku dawa ilikosekana, maana bila hiyo hesabu yake itakuwa ya uongo. Kama njia imefungwa, omba daktari wako ampigie simu mwenzake wa hospitali kubwa. Muuza dawa wa sokoni si daktari wa pili.

Na kuna mambo yasiyongoja shauri la mtu. Homa kali, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupumua kwa shida, mkono au mguu mmoja kulegea: kimbia kituo kilicho karibu, hata usiku.

Sisi tuliohama tumezoea kupima kila kitu: unga, kuni, maji. Jamaa zenye mtoto wa SS, juma hili mpimeni uzito, muandike namba hiyo pamoja na tarehe. Hapo ndipo daktari yeyote, wa kwanza au wa pili, ataanzia.