Waraka kutoka Brussels: Rangi ya Mama Yako

Binti yangu mpendwa,

Nakujibu wewe uliye Kamango juu ya yale mafuta ya kung'arisha ngozi uliyoniomba nikununulie huku Brussels: sitayatuma, na kwa kuwa mimi ni shangazi yako, sitakuficha sababu.

Mafuta ya namna hiyo hayakosekani Matonge, mtaa wa Ixelles uliorithi jina la ule wa Kinshasa, ambako wanawake wetu husukwa nywele na kununua sombe na makayabu. Walakini haidrokwinoni, dawa itiwayo katika mengi ya mafuta hayo, Umoja wa Ulaya umeiharimisha katika vipodozi vya kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001, kwani mwenye kuipaka kwa muda mrefu aweza kutokwa na mabaka ya weusi wa kibuluu mashavuni. Na zebaki, inayotiwa kwa hila katika krimu na sabuni nyingine, hudhuru figo.

Lakini si maradhi peke yake yanayonihuzunisha. Nahuzunika zaidi nikitafakari ni nani aliyekufunza kuionea haya rangi ya mama yako, maana mafunzo hayo ni ya zamani. Msafara wa magari ya Citroën ulipoikata Afrika katika miaka ya 1924 na 1925, Nobosodru, mke wa mtawala wa Wamangbetu huko Uele, alipigwa picha iliyoonyesha kichwa chake kirefu na nywele zilizosukwa kwa ustadi mkubwa. Sura yake ikawa nembo ya filamu ya msafara, nayo Ufaransa ikaisifu, ila kama inavyosifiwa ajabu ya mbali, si kama mwanamke mwenye neno lake.

Ni kweli kwamba zama zimegeuka. Alek Wek, mwanamitindo mzaliwa wa Wau huko Sudan Kusini, alitokea katika jalada la jarida la Elle la Marekani mwezi Novemba 1997 na weusi wake wote. Na mwaka 2014 mwigizaji Lupita Nyong'o wa Kenya akaipa kampuni ya vipodozi ya Lancôme uso wake. Hata hivyo, mwezi Novemba 2017, gazeti la Grazia la Uingereza lilipomweka katika jalada, sehemu ya nywele zake za asili ilifutwa na nyingine kulainishwa, naye akalalamika hadharani. Fikiri, binti yangu: mwanamke mwenye tuzo ya Oscar hakusalimika.

Na sisi wa Kivu je? Katika magazeti ya huku mwanamke wa Beni au Butembo haonekani aghalabu ila akikimbia vita na godoro kichwani. Maafa ya barabara ya Mbau hadi Kamango lazima yaandikwe, tena yaandikwe zaidi. Lakini mwanamke yuleyule huanika kakao uani, huvaa kitenge kipya Jumapili, hucheka kwa haiba, na taswira hiyo haiji huku kabisa.

Fedha za mafuta nimeziongeza katika karo yako. Zikibaki kidogo, nenda na mama yako kwa mpiga picha mjini Beni, mvae mavazi mema, na umsihi asiwapunguzie weusi kwa mashine yake. Kisha uniletee picha hiyo.

Wako akupendaye,
Shangazi yako