Daftari la Tochi Tatu

Ile fomu niliitunga mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiisimulia habari hii kana kwamba fomu ilishuka kutoka wizarani, au ililetwa na mkaguzi fulani aliyepita na gari jeupe. Hakuna mkaguzi. Niliichora kwa rula, usiku, nyumbani kwangu, huku nimejiridhikia kama mtu aliyetoka kula pilau ya harusi.

Ulikuwa mwaka 2012, shule ya bweni ya serikali, mkoani Tanga. Nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, na wiki ile nilikuwa mwalimu wa zamu. Usiku, wakati wa prepo, nikapita madarasani. Darasa moja lilikuwa limetulia mno. Mwalimu yeyote wa zamu anaujua utulivu ule, si wa watu wanaofanya hesabu. Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Wasichana wanne walikuwa wameinamia daftari moja, mmoja anaandika, wenzake wanamnong'oneza. Nikalichukua. Hakuna aliyefungua mdomo.

Lilikuwa kaunta buku la kwaya mbili, limevalishwa gazeti la michezo. Nilitegemea kukuta barua za mapenzi. Nikakuta vitabu.

Kila kitabu kilikuwa na ukurasa wake. Juu jina, chini maneno ya waliokisoma, kila mtu na mwandiko wake, mistari miwili mitatu, bila kujitaja. Pembeni walichora tochi. Mabwenini taa zilizimwa saa nne, na aliyetaka kuendelea kusoma alijifunika shuka gubigubi akawasha tochi. Basi kitabu cha kawaida kilipewa tochi moja, kizuri tochi mbili, na kile kilichomaliza betri kilipewa tatu. Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba kilikuwa na tatu, na mtu ameandika: "Nunua betri kwanza." Mzimu wa Watu wa Kale, ile ya Bwana Msa na kiko chake, ilikuwa na mbili: "Usimwamini mtu mle ndani, hata anayelia." Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: "Wasichana someni. Wavulana pia, mtajirekebisha."

Nilisimama kwenye ukurasa wa Siku Njema. Wanaoijua riwaya ile ya Ken Walibora wanakumbuka kwamba inaanzia hapahapa Tanga: mama yake Kongowea Mswahili, mwimbaji wa taarabu, anafariki, na kijana anafunga safari ya kumtafuta baba yake huko Kenya. Mtu alikuwa ameandika: "Mama anakufa mapema. Aliyefiwa asianze na hiki, mpeni Bwana Msa kwanza." Chini yake, kwa wino mwingine: "Mimi nilianza nacho. Kilinifaa."

Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu nilichowahi kukieleza kwa vipindi viwili mfululizo mpaka chaki ikaniishia mkononi, kilikuwa na tochi moja tu. Maneno yake: "Mwanzo mgumu. Lakini kama kiranja amewahi kukuonea, kisome. Karama anajitetea mwenyewe mpaka basi." Vipindi vyangu viwili havikuwahi kumpa mtu sababu nzuri kama ile ya kukifungua.

Nyuma ya daftari kulikuwa na foleni. Nieleze hili vizuri, maana ndilo lililokuja kuniumbua. Maktaba yetu ilikuwa chumba chenye kufuli, na ndani mlikuwa na nakala za Takadini na Watoto wa Mama N'tilie za kufanyia mtihani. Vitabu vingine vyote vilitoka majumbani: cha mjomba, cha dada aliyemaliza chuo, kile kilichonunuliwa kwenye turubai karibu na stendi. Kikosi cha Kisasi kilikuwa kimepoteza jalada zamani, kimeshonwa kwa uzi wa gunia na kuvalishwa boksi la sabuni. Nakala moja, wasomaji ishirini na kitu. Kwa hiyo kila kitabu kilikuwa na orodha: nani amechukua, tarehe gani, amerudisha lini, na anayekipokea anaandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba amekipokea. Kitabu kilikuwa hakilali bila kujulikana kimelala kwa nani.

Nililisoma lote usiku ule, nikacheka peke yangu. Ningelirudisha asubuhi, nisingekuwa na la kuandika hapa. Badala yake nikalipenda. Na mwalimu akikipenda kitu cha wanafunzi, wanafunzi wakimbie.

Nikaona jambo zuri namna hii lisiachwe kwenye gazeti la michezo, liwekewe utaratibu. Ndipo ikazaliwa fomu: jina la kitabu, mwandishi, mwaka wa kuchapishwa, dhamira kuu, dhamira ndogondogo tatu, wahusika na sifa zao, mandhari, matumizi ya lugha, ujumbe, mafunzo uliyoyapata. Fani na maudhui, kama tulivyokuwa tukiwaandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Chini kabisa alama kati ya kumi na sahihi ya mwalimu. Kila Ijumaa fomu tatu bora zingesomwa mstarini. Tochi nilizitoa. Niliona ni utoto, tena zinahamasisha watu kuvunja sheria ya kulala.

Kisha nikabandika orodha ya vitabu vinavyoruhusiwa. Musiba nikamfuta, Ben Mtobwa nikamfuta na Joram Kiango wake, nikasema vitabu vyao havina ithibati. Rosa Mistika ya Kezilahabi nikaifuta pia. Riwaya ile ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye marufuku ikaondolewa na ikafundishwa. Mimi mwenyewe niliisoma chuoni na kuijibia mtihani. Nikaipiga marufuku upya, peke yangu, kwa kalamu nyekundu.

Na Musiba je? Mimi kusoma nilifundishwa na Willy Gamba, mpelelezi wake. Nilikuwa darasa la sita, binamu yangu akawa ananisimulia Kufa na Kupona tukienda kisimani. Akafika mahali Gamba amebanwa kila upande, akanyamaza, akajitwisha ndoo yake akaenda zake. Nilimfuata siku tatu kama mbuzi aliyeona majani. Alipochoka na mimi akanipa kitabu. Hakuniuliza dhamira. Bila binamu yule nisingekuwa mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyemfuta Musiba.

Wiki ya kwanza zilikuja fomu nyingi, hata nikajisifu ofisini. Wiki ya tatu nikaanza kuona ujumbe mmoja kwenye karibu kila fomu, elimu ni ufunguo wa maisha, ikiwemo fomu ya Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo ni habari ya mauaji. Mmoja, kwenye sehemu ya mafunzo, aliandika: "Tusiuane." Nikampa saba. Muhula haujafika katikati, sanduku la fomu likawa la kuwekea chaki.

Yule msichana aliyekuwa akiandika usiku ule, wa kidato cha tatu, alikuja mlangoni kwa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Naomba lile daftari letu, mwalimu."

"La nini tena? Si kuna fomu?"

Akafikiri kidogo. "Fomu haina pa kuandika apewe nani."

Nilimwambia nitampa. Alikuja mara ya pili, nikamwambia nitampa. Jibu lake sikulielewa siku ile. Nililichukulia kuwa maneno ya mtoto asiyetaka kazi. Sasa naona alikuwa amemaliza kila kitu. Katika lile daftari msomaji alikuwa anamwambia mwenzake, wa kitanda cha jirani, ambaye anajua amefiwa, au anaogopa giza, au ameonewa na kiranja. Katika fomu alikuwa ananiambia mimi, na mimi nilikuwa nimeshavisoma vitabu vyote. Atanisifia nini? Alichobaki nacho ni kunithibitishia kwamba amesoma, na hilo mtoto yeyote wa Kitanzania anajua kulifanya bila kufungua kitabu. Notisi zipo.

Nimelizungukia jambo lenyewe muda mrefu. Ni hili.

Nakala ya Vuta N'kuvute ikapotea. Kilikuwa kitabu cha msichana mmoja, amekileta kutoka kwa mjomba wake, na mjomba anakitaka. Foleni iko kwenye droo yangu, kwa hiyo kila mtu anategemea kumbukumbu, na mwenye kitabu alikumbuka kwamba kwa mara ya mwisho alikiona kwa kijana mmoja wa kidato cha tatu B. Kijana akasema alikirudisha. Kwa nani? Akamtaja msichana aliyekuwa amehama shule mwanzoni mwa muhula ule. Kisingizio kizuri, nikasema, kumtaja mtu asiyekuwepo. Nikampa kisiki cha mkorosho nyuma ya jiko, akakichimba siku mbili, na nikamwandikia mzazi barua alipe. Mama yake alileta shilingi elfu kumi, zimekunjwa ndani ya leso.

Msichana wa daftari akaja mara ya tatu.

"Mwalimu, yule hajaiba. Mle kwenye daftari imeandikwa kwamba alirudisha."

Droo ilikuwa chini ya kiwiko changu. Haikuwa hata na kufuli. Nikamwambia asimtetee mwizi.

"Sawa, mwalimu," akasema, akaondoka. Hakuja tena.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuivuta ile droo. Kazi ya nusu dakika. Jibu ninalo, na halinipi heshima: kulifungua daftari kungekuwa kukubali kwamba lilikuwa linafanya kazi, na fomu yangu haikuwa inafanya. Kumwona kijana yule ni mwizi ilikuwa rahisi kuliko kujiona mimi ni mjinga. Hata Kusadikika, nchi ya dhuluma, ilimpa Karama nafasi ya kujitetea akasikilizwa. Mimi kijana wangu nilimpa jembe.

Muhula uliofuata tukawa na kikao cha wazazi. Nilisimama nikazungumza dakika ishirini juu ya vijana wa siku hizi. Nikasema kizazi hiki hakisomi. Nikasema nimewaanzishia mpango mzuri wa kushirikishana vitabu, wakaususia wenyewe, akili zao ziko kwenye simu na muziki. Wazazi wakanipigia makofi. Mama wa yule kijana alikuwa benchi la tatu, na yeye akapiga. Katika yote niliyoyatenda, makofi yale ndiyo hunirudia usiku.

Mwaka 2016 nikapata uhamisho. Nilipokuwa nafunga vitu vyangu, chini ya karatasi za mitihani ya zamani, nikakutana tena na lile gazeti la michezo. Nikakaa sakafuni nikalifungua upande wa nyuma, nikitafuta Vuta N'kuvute. Ukurasa wa 31. Jina la kijana, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mbele yake, kwa mwandiko wa duara ambao haukuwa wake: "Nimekipokea." Na jina la yule msichana aliyehama. Siku mbili kabla sijalichukua daftari.

Unaweza kudhani nilikwenda kwao siku hiyohiyo. Sikwenda. Nilitafuta namba ya simu ya mama yake, nikamtumia elfu kumi yake kimyakimya. Akapiga, bila shaka kuuliza nani amemtumia kwa makosa. Simu ililia mpaka ikakatika. Hata kukiri nilikukimbia, nikajiambia nimelipa deni, kana kwamba deni lilikuwa fedha.

Siku hizi nafundisha kwingine. Nikikuta watoto wamebanana juu ya kitabu kisicho na jalada, napita. Wakati mwingine nasikia mmoja anasimulia, anafika mahali patamu, ananyamaza makusudi. Natamani kuuliza ni kitabu gani. Siulizi, wasije wakadhani nina fomu.

Kijana wa kisiki, sasa utakuwa mtu mzima, huenda una watoto. Hukuiba. Ushahidi ulikuwepo siku zote, na ulikuwa kwangu. Mama yako naye ajue kwamba zile elfu kumi hazikutumwa kwa makosa, na kwamba aliyezituma alipaswa kupokea simu. Nanyi wengine mliokuwa kwenye foleni: Siku Njema iliishia kwa namba tisa, wa kumi hakuwahi kupewa. Daftari ninalo, halijachanika, na nusu yake bado ni kurasa tupu. Njooni mlichukue.